Kobe wa Kulabu ya Tisa

Mimi ni mtu wa mpangilio, na sioni haya kusema. Darasa la chekechea likikosa mpangilio si darasa tena, ni soko. Ndiyo maana kila muhula unapokaribia, wiki nzima kabla watoto hawajafika, mimi na msaidizi wangu tulikuwa tunajifungia humo ndani. Tunapiga deki, tunasugua vikombe, tunabandika kuta upya, tunapanga watoto watafanya nini mvua zikianza na nini jua likiwaka.

Msaidizi wangu watoto walimwita Dada Taratibu, na jina lilimkaa. Duara moja la karatasi atalikata kwa muda ambao mimi nimeshakata kumi na chai nimekunywa. Lakini watoto walimpenda kupita kiasi. Nikiingia mimi wanakaa sawa, akiingia yeye wanamkimbilia. Nitasema ukweli, hilo lilikuwa linaniuma.

Watoto wa umri ule hawajui kusoma, kwa hiyo kila mmoja alikuwa na picha yake. Siku ya kwanza anachagua kwenye kikapu: kuku, ufunguo, mwavuli. Akishachagua, basi, ndiyo yeye. Picha inabandikwa kwenye kulabu anayotundikia mkoba, kwenye kikombe chake na kwenye kiti chake. Nyingine ndogo inakaa kwenye ubao wa majira, ili ajue lini ni zamu yake kupima mvua kwenye chupa au kumwagilia maharage kwenye vikopo. Picha zilikuwa ishirini na nne. Nilizichora kwa mkono wangu mwenyewe nikiwa bado msichana, na hakuna aliyewahi kuongeza hata moja.

Kobe alikuwa wa Chiriku. Jina la utani hilo, maana yule mtoto hakujua kufunga mdomo. Akikosa mtu wa kuzungumza naye, anazungumza na kikombe. Kisha akaanguka kwenye ngazi za kwao, paja likavunjika vibaya, akalazwa. Wiki zikawa miezi. Kila nikimpigia mama yake simu, jibu ni lile lile: "Mwalimu, daktari bado hajasema kitu."

Ijumaa kabla ya kufungua, mwalimu mkuu akaniletea jina la mtoto mpya. Nikahesabu picha, zote zina wenyewe. Nikaenda kulabu ya tisa, nikambandua kobe, nikamrudisha kikapuni.

Dada Taratibu alikuwa juu ya kiti anabandika mawingu ya pamba kwenye ubao wa majira. Akageuka.

"Mwalimu, huyo si ana mwenyewe?"

"Mwenyewe yuko wapi?"

"Atarudi."

"Asiyekuwepo na lake halipo," nikamwambia.

Akacheka, akidhani namtania. Alipoona sicheki, akashuka. "Basi niachie mimi nichore ya ishirini na tano. Nitachora leo hii hii. Kipepeo, au chochote utakachotaka."

Nikamjibu kwamba mchoro wake na wangu haitafanana, darasa litakuwa kama shuka lenye kiraka. Hebu nisikilize mimi! Eti kiraka. Mtoto wa miaka mitano anajali kiraka?

"Mwalimu," akasema, na safari hii sauti ilikuwa imeshuka, "Jumapili nilikwenda hospitali kumwona. Kila anayeingia anamuuliza kama kobe wake yupo. Wauguzi wamechoka. Nimemwahidi kwamba anamngoja."

"Ahadi ni yako, binti. Darasa ni langu."

Tukaendelea na kazi. Mimi nasema wiki ya mvua tutapiga vikopo kwa vidole, wiki ya upepo tutatengeneza vishada, jua likija tutachora vivuli vyao uwanjani kwa chaki. Yeye anasema, "Sawa, mwalimu," na kuandika. Nilikuwa nimeshinda, na nilijisikia vizuri, Mungu anisamehe.

Mtoto mpya alikuja Jumatatu, msichana mpole, akachagua kobe kwa sababu kikapuni hakukuwa na kingine.

Wiki ya pili, siku ya Alhamisi, tulikuwa kwenye mkeka. Watoto wanapiga vikopo kwa ncha za vidole, mvua ndogo, mvua kubwa, kelele tupu. Mlango ukafunguliwa. Alikuwa Chiriku na gongo dogo chini ya kwapa, mama yake nyuma anatabasamu. Walitaka kutushtua, na kweli tulishtuka.

Hakungoja mtu. Gongo lake likagonga sakafu, ko, ko, ko, moja kwa moja mpaka kulabu ya tisa. Akaukuta mkoba wa mtu mwingine. Akashika picha, akatazama rafu ya vikombe, akatazama viti.

"Huyo kobe ni wangu," mtoto mpya akasema kutoka mkekani, kwa upole kabisa.

Chiriku hakulia. Bora angelia. Alimgeukia Dada Taratibu. "Dada, wewe ulisema ananingoja."

Dada Taratibu akanitazama mara moja tu. Ilikuwa nafasi yangu hiyo. Mimi ambaye mdomo haujawahi kunikauka kwa miaka ishirini na sita nilitakiwa kusema maneno matatu: ni mimi, mwanangu. Mama mtu alikuwa amesimama pale, tabasamu lake halijaisha vizuri usoni. Nikaona aibu. Nikajiambia nitaeleza baadaye, watoto wakienda kula.

Dada Taratibu akapiga magoti mbele yake. "Ndiyo, Chiriku. Nilisema hivyo. Nilikudanganya, nisamehe."

"Usije tena kuniona," Chiriku akamwambia.

Mama yake akamrudisha nyumbani, na hawakurudi. Niliposikia wamempeleka shule nyingine, nilipanga kwenda kwao. Nikawa nasema Jumamosi hii, Jumamosi ijayo, mpaka nikaacha kusema. Dada Taratibu alifanya kazi nami miaka miwili zaidi na hakulitaja hata siku moja. Laiti angenitukana, tungemaliza. Alipoondoka nilimfungia zawadi na kumpa mkono, nikamtakia heri, na lile neno likabaki kooni.

Wanasema majuto ni mjukuu. Mimi wajukuu sina, lakini huyu ninaye, na analala kwangu.

Mwaka jana nilikutana na Chiriku dukani. Binti mrefu, hachechemei hata kidogo, na maneno yake yamerudi yote. Alinirukia shingoni. "Mwalimu wangu!" Akamwambia rafiki yake kwamba mimi ndiye niliyemfundisha kushika penseli, kwamba nilikuwa mkali lakini sikuwahi kumdanganya mtu.

Kisha akauliza, "Na yule dada muongo, bado yupo?"

Nikamwambia alishaondoka zamani. Nikachukua mfuko wangu wa sukari, nikamuaga.