Lebo ya Ng'ombe na Kondoo

Dada yangu Nanjala ana kichwa kigumu, na hilo nalisema hata mbele yake. Kiwanda chake cha chumvi ya mifugo hapa Kitengela alikianza na koleo na beseni, kwa hiyo ukimletea habari za mipango anahisi unamwambia hajui kazi. Fundi wa kompyuta alipomshauri aweke nakala ya kila kitu mahali pengine, na tukubaliane mapema tutafanya nini siku mashine ikizima, alicheka hadi akashika meza. Kompyuta ni moja, akasema, inataka mipango gani, kwani ni harusi?

Kompyuta hiyo moja ndiyo ilikuwa kiwanda. Humo mlikuwa na vipimo vya kuchanganya, lebo za kuchapisha, na nambari za simu za wateja wote kuanzia Kimuka hadi Bisil. Siku stima ilipopotea ikarudi kwa nguvu, kompyuta ilitoa harufu ya kuungua na haikuwaka tena. Fundi aliichukua, akasema atajaribu lakini tusimwekee matumaini.

Oda zilikuwa zinangoja. Gideon, mchanganyaji wetu, alikuwa na vipimo vya chumvi ya ng'ombe kichwani kwa sababu ndiyo tunayotengeneza kila mara. Ya kondoo hakuna aliyeikumbuka, basi Nanjala akaamua tutengeneze ya ng'ombe peke yake kwanza. Lebo nazo akazitoa stoo, bunda la zamani, la wakati tulipokuwa na chumvi ya aina moja ya kulambwa na kila mnyama. Zilikuwa na picha ya ng'ombe na kondoo wamesimama pamoja, wamenona. Nilizibandika mimi, nikifurahi kwamba kazi inasonga. Aliyekuja kununua tulimuuzia bila kuandika popote, tukisema tutaingiza yote kompyuta ikipona. Hakuna kati yetu aliyejiuliza kwa nini zile lebo tuliziacha.

Aliyeuliza ni Katee, daktari wa mifugo, wiki kadhaa baadaye, alipopitia kununua mfuko. Aliugeuza, akatazama picha, akataka kujua kama siku hizi tumeacha kutia shaba. Gideon akamjibu kuwa shaba iko kama kawaida. Daktari akauweka mfuko chini polepole.

Ng'ombe anahitaji shaba, akatueleza, lakini kondoo inamkaa kwenye ini. Anailamba siku baada ya siku na kwa macho ni mzima kabisa. Halafu siku akiswagwa safari ndefu, akachoka na kukosa maji, ini linaimwaga yote kwenye damu, na kundi linaanguka njiani.

Nilimtazama dada yangu, naye tayari alikuwa ameshika simu. Mzee Parsaoti wa Bisil, mteja wetu wa kwanza kabisa, alikuwa amepiga simu jana yake kuisifu ile chumvi. Kondoo wanaipenda, alisema, na kesho anawahamisha upande wa mpakani kutafuta nyasi. Kesho yenyewe ndiyo hiyo.

Nambari aliyopigia haikupatikana. Tuliingia kwenye pikapu, Nanjala akashika usukani, daktari akasema atatufuata na dawa. Kuanzia Isinya hadi Kajiado nilipiga ile nambari bila kupumzika. Ukame ule mbaya ulimaliza ng'ombe wote wa Parsaoti. Mifupa yao tuliiona kwake kwa macho yetu. Hao kondoo ndio alioanza nao upya, mmoja mmoja. Wakianguka, mzee yule hana kingine cha kuanzia.

Kajiado malori yalitufungia njia. Nanjala akapiga honi, kisha akaacha.

"Sema tu," akaniambia. "Sema nilishauriwa nikakataa kusikia."

Nilikuwa nayo ya kusema, tena mengi. Nikapiga tena ile nambari.

Bisil tulikata kushoto, tukafuata barabara ya vumbi hadi kwa mzee, na boma lilikuwa tupu. Tukafuata kwato mpaka kwenye bwawa, na hapo tukawaona, wanakunywa maji ya mwisho kabla ya safari. Parsaoti alikuwa ameegemea fimbo. Nanjala alimkimbilia akihema, lakini mzee hapokei habari kabla ya salamu.

"Takwenya, Mama Nekesa."

"Iko, mzee." Aliitikia salamu ya Kimaasai akishusha pumzi. "Usiwatoe hapa. Hiyo chumvi nilikuuzia ni ya ng'ombe. Iko na sumu ya kondoo, na wakitembea mbali itawaua."

"Lakini picha iko na kondoo."

"Picha ni ya zamani. Makosa ni yangu."

Mzee akawaamuru wachungaji wawarudishe kondoo kivulini. Hakugomba, na afadhali angegomba. Aliuliza kitu kimoja tu.

"Na hao wengine uliuzia? Wiki hii watu wengi wanahama."

Wateja wa zamani nambari zao ziliungua na kompyuta, na wapya hatukuwaandika. Kuna mifuko iliyoenda Oltepesi na mingine sijui wapi, na popote ilipo, kondoo wanalamba.

Parsaoti akasema kuna kituo cha redio cha Kimaasai ambacho wachungaji husikiliza wakitembea. Nambari yake aliijua kichwani, akatutajia, maana simu yake mwenyewe ilikuwa imeisha chaji. Mtangazaji akakubali kutuweka hewani, mzee atafsiri. Nilimvuta dada yangu mkono, nikamnong'oneza aseme ni kampuni fulani ya Kitengela, asiitaje. Akiitaja, nani atanunua tena?

"Na watajuaje ni mfuko gani?" akanijibu.

Kiwanda alikipa jina la bintiye, na ndilo limeandikwa kwenye kila mfuko. Akaisogeza simu mdomoni.

"Ni chumvi ya Nekesa. Iko na picha ya ng'ombe na kondoo. Kama uko nayo, simamisha kondoo wako hapo ulipo."

Parsaoti akaipokea simu akayasema yote kwa Kimaasai, taratibu, akirudia. Mimi Kimaasai sikijui. Nilichosikia tangu mwanzo hadi mwisho ni jina la mtoto wetu.