Mkwe Aliyepita Bila Kuangaliwa

Kazi ya Andongwisye ilikuwa kuangalia. Miaka ile baada ya vita vya Hitla, kila lori la abiria lililokwenda migodi ya shaba kule Rodesia lilisimama kwanza Tunduma, na wote waliokuwemo, dereva asiachwe, walishuka wakapanga mstari mbele ya dresa, mganga msaidizi wa serikali. Andongwisye alitazama ulimi, akafunua jicho, akapapasa shingo, akatafuta ndui mikononi na funza vidoleni. Mgonjwa alibaki kambini akatibiwa, mzima akaruhusiwa kuvuka. Watu walimtania kwamba homa yako ingali Mbeya inatafuta lori, yeye ameshaiona.

Basi mtu huyohuyo, siku moja ya masika, alimruhusu abiria mmoja bila hata kumtupia jicho.

Haukuwa uvivu. Dereva Fanueli, mtu asiyejua kunyamaza, alimletea mwanamke aliyejifunika kanga tangu utosini, akamwambia huyu ni Tusekile, mke wa Danieli wako, anamfuata mumewe mgodini. Andongwisye akageuka upesi, akautazama ukuta. Kwao Mbebe, kwa Wandali, baba mkwe na mke wa mwanawe hawaonani. Wakikutana njiani, mmoja huingia majanini hadi mwenzake apite. Hawasemeshani, hawali pamoja, hawakai chini ya paa moja. Wachungaji walikuwa wamehubiri wee, juu ya pombe, juu ya ngoma, juu ya mitala, na watu wakaacha hiki na kile. Hili hakuna aliyeligusa, kwa sababu lilikuwa heshima. Tangu Danieli aoe, Andongwisye hakuwahi kuiona sura ya mkwewe.

Akapunga mkono nyuma ya mgongo wake, kwamba aende. Watu mstarini waliguna. Kila mwenye macho aliona jambo ambalo dresa peke yake hakuliona, lakini walidhani analijua, na mambo ya mtu na mkwewe si ya kuingiliwa.

Lori halikufika mbali. Hata mpaka halijauvuka, likazama kwenye tope, wanaume wakashuka kusukuma, likayumba, likaruka, likazama tena. Mara Felista, mama wa Kinamwanga aliyekuwa akiwauzia abiria uji, alifika kambini akihema na kumwambia Andongwisye kwamba mkwewe ameshikwa na uchungu.

Andongwisye akauliza, uchungu wa nini? Felista alimkazia macho, akihofu labda dresa naye ni mgonjwa. Kisha akamweleza polepole kwamba ni uchungu wa kuzaa, kwamba mimba ilikuwa imetimia, na kwamba Tunduma nzima imeiona.

Andongwisye akaona aibu, na kupita aibu akaona hofu. Sheria ya kambi ilikataza mjamzito wa miezi ya mwisho kuendelea na safari, maana mbele kulikuwa na mashimo na pori, hospitali hakuna. Yeye mwenyewe alikuwa amewazuia wanawake wengi, wakamlilia, asilegee. Leo mke wa mwanawe mwenyewe ndiye aliyemwacha apite. Na Hezron, dresa mwenzake, alikuwa ameshaondoka na mgonjwa kwenda Mbozi. Akanyakua mkoba wake, akakimbia.

Fanueli alikuwa ameteremsha turubai la lori na kuwafukuza wanaume. Andongwisye akasimama nje, miguu kwenye tope, mgongo kwa lori, akamtuma Felista aingie. Basi ikawa hivyo: yeye anauliza, Felista anajibu kutoka ndani, yeye anaelekeza, Felista anafanya. Mama yule alikuwa amezaa na kuzalisha, hakuwa mtu wa kubabaika. Baada ya muda mtoto akalia, wa kiume, na Fanueli kwa furaha akaingia kwenye usukani kupiga honi. Andongwisye akajipongeza kimoyomoyo. Mtoto kapatikana na heshima haikuguswa. Alijipongeza mapema mno.

Felista akasema kutoka ndani kwamba kondo limetoka lakini damu haikatiki. Andongwisye akamwambia asugue tumbo kwa nguvu, amweke mtoto kwenye ziwa. Felista akafanya yote mawili. Damu ikazidi. Mkobani mlikuwa na sindano ya kukaza kizazi, akaipitisha chini ya turubai. Ikarudishwa. Felista alisema hajawahi kushika kitu hicho, atamuua mtoto wa watu.

Andongwisye akashika ukingo wa turubai, akauachia. Akaushika tena. Ni rahisi kumcheka, ila jambo ulilolinyonya pamoja na maziwa ya mama yako huwezi kulivua kama koti. Aliwaza ndugu zake wa Mbebe watasema nini. Aliwaza Danieli ataambiwa nini. Mkono wake ulikuwa kwenye turubai na haukuwa ukifanya lolote.

Ndipo akasikia sauti asiyoijua, nyembamba, imechoka.

"Baba," ilisema. "Nife kwa adabu?"

Akaingia.

Alimchoma sindano, akalikandamiza tumbo kwa mikono yote miwili, akakaa hivyo bila kulegeza, akimwomba Mungu kwa Kindali, mpaka damu ikapungua, na mwishowe ikakoma. Hapo tu ndipo alipomtazama usoni. Alikuwa mdogo kuliko alivyomdhania, mwenye mwanya, nyusi zimekutana. Andongwisye alimpenda palepale, na akaumia kwamba nusura amzike bila kumjua.

"Nisamehe, mwanangu," alisema. "Asubuhi sikukuangalia."

Tusekile akamvuta mtoto karibu.

"Nilijua hutaniangalia, baba. Nilikuwa kwenye mstari wa dresa Hezron, nikaona anafunua kanga za wanawake. Nikamwambia dereva mimi ni nani, anilete kwako. Nilitaka Danieli amwone mtoto wake akizaliwa."

Felista aliangua kicheko hadi akakaa chini. Andongwisye naye akacheka, akacheka hadi machozi yakamtoka. Halafu akajifuta, akafunua jicho la mkwewe kwa kidole, akalikuta jeupe, akamwambia atoe ulimi.

"Damu imekupungua sana," alisema. "Huvuki. Danieli ndiye atakayekuja huku."

Akamkabidhi Felista mtoto, akamnyanyua Tusekile na kumshusha kwa mikono yake mwenyewe, mchana kweupe, mbele ya abiria wote. Wandali waliokuwemo waligeuza nyuso zao kwa heshima. Yeye hakugeuza.