Kisigino cha Generosa na Harusi ya Kibondo

Mwaka huo Generosa alikuwa na jambo moja tu la kumwomba Mungu: acheze kwenye harusi ya mjukuu wake. Careen alikuwa anaolewa Kibondo mwezi wa nane, na kwao bibi mzaa mama ndiye anayemtangulia biharusi, anaingia uwanjani akicheza. Hasukumwi, hashikwi mkono. Sasa atatangulia vipi mtu ambaye asubuhi akishuka kitandani anatembea kwa kushika ukuta?

Ni ule mshipa mnene wa nyuma ya kisigino, mguu wa kulia. Msimu wa maharage alipanda na kushuka mlima kila siku kwa ndala zilizokwisha, mshipa ukavimba, ukawaka moto.

Hospitalini Kasulu alimkuta Zuhra, binti wa Tanga anayewafundisha wagonjwa mazoezi. Zuhra aliubonyeza mshipa, Generosa akaruka.

"Pole, bibi. Hapa hatukati wala hatuchomi sindano. Dawa yako ni ngazi."

"Ngazi ya kupanda wapi, mwanangu?"

"Hiyo ya mlangoni kwako. Simama kwa vidole, visigino vining'inie nje. Jinyanyue kwa miguu yote miwili, halafu shuka taratibu kwa huo unaouma. Mara kumi na tano, pumzika, urudie mpaka zifike awamu tatu. Asubuhi na jioni. Kuuma kidogo kupo, usiogope. Kukizidi, punguza."

Generosa akaenda kuanza. Lakini mlango wake unatazama barabara ya sokoni, na zoezi lile linataka uwape wapita njia mgongo. Hapo ndipo ilipoanza kazi. Amefika saba, anasikia nyuma yake, "Mwakeye, mama Venanti!" Muha akisalimiwa hajibu kwa kisogo. Basi anashuka, anageuka, anainama, anapiga makofi polepole, anauliza watoto, anauliza ng'ombe, anauliza mihogo. Akimaliza anapanda tena na kuanza moja, maana kumi na tano ni kumi na tano. Siku ya soko alianza moja mara tisa kabla ya chai.

Baada ya wiki mbili mguu ulikuwa umevimba kuliko mwanzo. Alirudi kwa Zuhra machozi yanamlenga.

"Bibi, unafanya ngapi?"

"Hata kumi na tano sijafika! Nikigusa kumi na moja tu, anapita Makarius na baiskeli yake."

Zuhra hakuelewa. Generosa akamweleza yote, na makofi akayapiga. Yule binti alicheka mpaka akakalia kitanda cha wagonjwa.

"Kwa hiyo kwa siku unashuka mara mia mbili! Bibi wee, mshipa umechoshwa na salamu. Tafuta mtu wa kukuitikia."

Mtu aliyekuwepo nyumbani ni mumewe, mzee Laurent, na Laurent maneno yake ya siku nzima yanaenea kwenye kiganja. Generosa alimbembeleza weee. Kesho yake mzee akatoka na kigoda, akaketi kando ya ngazi, uso umekunjwa.

"Mwakeye!" Alikuwa jirani yao Niyonkuru, na kapu la ndizi kichwani. "Mwenzio katununia?"

"Anatibiwa," Laurent akasema. "Nisalimie mimi."

"Wewe? Kumbe una sauti!"

Wiki ya kwanza aliitikia kwa kukohoa. Ya tatu, Generosa alimsikia akiuliza habari za mbuzi wa watu. Ya sita alikuwa anawahi kigoda kabla mkewe hajaamka, na zoezi likiisha anamwambia, "Usiniite kwanza, Makarius hajamaliza habari za Manyovu."

Na mshipa nao ukanywea. Mwezi wa saba Zuhra alimwambia aruke kwa mguu mmoja, akaruka.

"Nyimbo mbili tu, bibi. Na uvae raba."

Kibondo ngoma zilipolia, Generosa aliingia na kitenge kipya na raba nyeupe, mabega yanacheza, vumbi linapanda. Wimbo wa kwanza, wa pili. Wa tatu ulipoanza shangazi wa bwana harusi akamletea kiti, huku mwenyewe anahema. Generosa akakipokea, akamkalisha yeye, akageuka kuendelea.

"Bibi, taratibu!" Careen alilalamika nyuma yake, gauni kalikusanya kwa mikono miwili. "Mimi nina visigino virefu!"

"Vivue basi," Generosa akasema, wala hakusimama.