Choo cha Tatu, Siku ya Ijumaa

Kwanza niliona kwamba miguu haipo. Milango ya vyoo vya wasichana haifiki chini, kwa hiyo nikiwa nadeki najua nani yumo na nani hayumo. Ijumaa hiyo mlango wa tatu ulifungwa kwa ndani, lakini sikuona viatu. Nikainama. Ndoo yangu ilikuwa imepinduliwa, na mtu amepanda juu yake.

"Nani humo?"

"Hakuna mtu," sauti ikajibu.

Nikasubiri. Aliyetoka alikuwa mtoto wa darasa la nne, mdogo kuliko wenzake, ndiyo maana wanamwita Sisimizi. Alikuwa ametapika.

"Unaumwa, mdogo wangu?"

"Naumwa Ijumaa tu, dada."

Shuleni kwetu, Ijumaa saa nne, kila darasa husomewa alama za wiki kuanzia wa mwisho. Ukitajwa unasimama. Anayeshika mkia husimama muda mrefu kuliko wote, maana hakuna kukaa mpaka wa kwanza atajwe na kupigiwa makofi. Sisimizi alikuwa ameshika mkia tangu muhula uanze. Mama yake, fundi cherehani, alishampa dawa ya minyoo mara tatu.

"Minyoo gani hiyo inayojua kalenda?" nikamuuliza.

Akacheka kidogo. Kisha akasema Ijumaa ijayo ndiyo ya mwisho. Wakimsimamisha tena, Jumatatu haji, wala siku nyingine yoyote.

Maneno hayo nikaondoka nayo. Mimi si mtu wa kuongea. Hata mwalimu akinisalimia, naitikia huku naangalia ufagio.

Jumatano mwalimu mkuu alituita ofisini, mimi, Sisimizi na mama yake. Mwalimu wa darasa alikuwa dirishani, anasahihisha madaftari.

"Dawa tumeipata," mwalimu mkuu akasema. "Watoto wanakimbia alama, wanajificha chooni. Kuanzia wiki hii dada wa usafi atafunga vyoo kwa kufuli, saa nne mpaka saa tano."

"Mwalimu, mtoto anatapika," nikasema.

"Anajitapisha huyo," mwalimu wa darasa akasema bila kuinua kichwa. "Hesabu hajui, lakini ujanja anao wa kuuza."

Mwalimu mkuu akanisogezea kufuli mezani, jipya, bado limo kwenye karatasi yake. Mikono nikaiweka nyuma.

"Sitafunga."

"Unasemaje?"

"Nimesema sitafunga, mwalimu. Wiki tano nimedeki matapishi chooni, siku ileile, saa ileile, kumbe ni ya mtoto huyuhuyu. Si minyoo, ni hofu. Mkifunga choo atatapika mbele ya wenzake, na hapa hamtamwona tena."

"Kazi yako ni sakafu, dada."

"Ndiyo, mwalimu. Na hofu yake inaangukia kwenye sakafu yangu."

Mama akamgeukia mwanawe. "Kumbe ndiyo hayo? Na mimi nakunywesha midawa michungu tu?"

Sisimizi akaitikia kwa kichwa. Mama akasimama, utepe wa kupimia nguo bado unaning'inia shingoni.

"Basi jina la mwanangu halisomwi. Mkilisoma, nitakuja nisimame naye mpaka mwisho. Nguo za watu zitasubiri."

Mwalimu mkuu akashusha pumzi. "Haya, mama. La huyu tutaliruka."

Hapo ningeweza kuaga nikaendelea na kazi. Miguu ikagoma.

"Na yule atakayeshika mkia badala yake?" nikauliza. "Yeye atapanda ndoo gani?"

Mwalimu wa darasa akaweka kalamu chini, akacheka. "Makubwa haya. Siku hizi tunafundishwa kazi na mfagiaji. Hebu tuambie, mwenzetu, wewe umesoma mpaka la ngapi?"

Swali hilo nina jibu lake la siku zote. Husema niliacha shule ili nimuuguze bibi yangu, na watu hunionea huruma, yakaisha. Bibi alikuwa mzima wa afya. Nikainua macho nikamtazama mwalimu usoni.

"Mpaka la tano, mwalimu. Nilishika mkia, wakalisoma jina langu mwanzo kabisa, nikasimama, nikajikojolea mbele ya darasa zima, na wakaendelea kusoma."