Hatua Themanini Kutoka Jikoni

Korongo lile hata asiyefika analijua, maana liko kwenye kalenda, kwenye paketi za majani ya chai na kwenye ukuta wa kila kinyozi anayejiheshimu. Fundi cherehani wetu alikuwa amepelekwa huko mara tatu na mumewe, na mara zote tatu hakuliona. Macho yake yalikuwa mazima. Kasoro ilikuwa mume.

Mumewe alikuwa mpima ardhi mstaafu. Mtaani walimwita Milimita, kwa sababu hata akikaribishwa chai kwa jirani hakai mpaka kwanza anyooshe picha iliyoinama ukutani. Siku aliposikia jina hilo alifurahi kweli, akadhani anasifiwa.

Enzi za ujana alizunguka nchi na kikosi chake wakipanda alama za kimo: jiwe fupi la zege, juu yake kichwa cha shaba chenye namba, ili mpimaji wa kesho na kesho kutwa ajue pale ni juu kiasi gani kutoka usawa wa bahari. Tangu astaafu anaziendea moja moja kuzijulia hali. Zote amezikuta, isipokuwa namba arobaini na saba, ile ya korongoni. Hiyo ndiyo inayomnyima raha, kwa kuwa vijana wa ofisini nao waliitafuta, wakaikosa, wakaandika kwenye daftari la alama: "Haikupatikana. Huenda haikuwahi kuwekwa."

"Huenda!" Milimita alitoa povu mwezi mzima. "Yaani mimi nilikaa kivulini nikaandika uongo?"

Vijana nao walikuwa na pa kujitetea. Kila alama huandikiwa maelezo ya kuifikia, na Milimita, mtu aliyewahi kununiana na mkewe siku mbili kwa sababu mke huyo aliziita sentimita tisini na nane mita moja, alikuwa ameandika kwa mkono wake mwenyewe: "Hatua themanini kutoka jikoni kwa mpishi, kuelekea macheo." Jiko lenyewe lilikuwa mafiga matatu kwenye kambi ya wiki mbili, miaka thelathini na moja iliyopita.

"Mimi nikiandika kiuno cha mteja kiko hatua mbili kutoka kwenye kochi," mkewe alimwuliza, "hiyo nguo itamwingia?"

"Wewe hujui mambo ya kitaalamu."

Safari hii ya nne aliiomba mke. Miaka ya kukanyaga cherehani ilikuwa imemmaliza magoti, na daktari alimwambia bila kumficha kwamba mwakani vilima avisahau. Kwa hiyo alimweka mumewe chini.

"Baba watoto, nataka nisimame pale kwenye uzio, na watu wengine, nilitazame korongo. Nusu saa tu. Sikuombi kingine."

"Tutaenda. Tukishaipata arobaini na saba."

"Na tusipoipata?"

"Tutaipata."

Waliondoka nyumbani kabla hakujapambazuka, ili wautangulie umati. Umati ndio uliokuwa ukimkera Milimita kuliko kitu chochote duniani. Watu wanatoka makwao, alisema, wanapanga foleni, wanalipa, ili wapige picha ya shimo! Yeye alijua njia ya nyuma, isiyo na foleni, isiyo na watoto wanaolia, isiyo na mwuza kofia. Ilikuwa pia njia isiyo na korongo, maana kilima kilikaa katikati na kuliziba lote.

Huko nyuma wakayakuta mafiga matatu. Milimita nusura ayapigie magoti. Alihesabu hatua themanini kuelekea macheo, akachimba kwa mwiko, akatoa kizibo cha soda. Mita mia mbele wakakuta mafiga mengine matatu, kisha mengine, kwa kuwa kila aliyewahi kuchemsha chai kule aliyaacha mawe yake hapo hapo. Kufika saa saba mchana walikuwa wameshapita majiko tisa, na yeye bado ana ari ya asubuhi.

"Shika vizuri mwisho wa utepe, mama watoto. Unalegeza."

Mkewe alikuwa ameushika tangu waoane. Akauachia. Utepe ulirudi mbio kwenye kasha lake na kumng'ata Milimita kidole, naye akalalamika peke yake, kwa sababu mwenzake alikuwa ameshageuka anapanda kilima, goti moja moja, kuelekea kelele za watu.

Ule umati uliotukanwa tangu alfajiri ulimpisha. Binti mmoja mwenye kofia ya njano alimshika mkono. "Pita mbele, mama, huku nyuma hutaona."

Akaona. Ardhi ilikuwa imepasuka kutoka miguuni pake hadi mwisho wa macho, nyekundu juu, zambarau chini, na chini kabisa mto mwembamba kama uzi uliodondoka sakafuni. Alilia wazi wazi mbele ya watu. Alilia kwa furaha, na kwa hasira pia, akizikumbuka zile mara tatu.

"Nikupige picha?" binti akamwuliza. "Panda hapo juu. Wote tunapigia hapo, ndipo mtu anapotokea vizuri."

Hapo juu palikuwa ni jiwe fupi la zege, limezungushiwa vigae na wajenzi wa kituo cha watalii. Kichwa chake cha shaba kiling'aa kwa kukanyagwa na soli za nchi nzima. Fundi aliinama. Arobaini na saba.

Alimpigia mumewe simu hapo hapo.

"Baba watoto, njoo huku kwenye uzio. Kuna jiwe hapa..."

"Mawe hata huku yapo! Niache nifanye kazi. Huko kuna nini zaidi ya watu?"

Simu ikakatwa. Akapiga tena, ikaita mpaka ikachoka. Basi akairudisha simu mkobani, akapanda juu ya jiwe, akatanua miguu kidogo, akatabasamu.

Picha ile aliikuza, ikawa kubwa kuliko ya harusi, na sasa iko sebuleni juu ya kochi. Baina ya viatu vyake shaba inang'aa, na namba inasomeka bila miwani. Milimita huwaonyesha wageni. "Huyu alikwenda kupanga foleni na watu wa picha, siku ambayo mimi natafuta heshima yangu." Kisha huwasomea barua yake ya tano kwa ofisi, inayodai daftari lirekebishwe.

Na kila asubuhi kabla ya chai husimama mbele ya picha ile, hufumba jicho moja, husukuma pembe ya fremu kwa kidole.

"Imeinama milimita mbili," humwambia mkewe.

"Tazama vizuri," mkewe humjibu kutoka kwenye cherehani.

Hutazama tena, pembe zote nne.

"Sasa iko sawa," husema, na kuketi.