Mafunzo ya Bastola Mbele ya Miritini

Tangu majambazi wavamie duka lake la vifaa vya ujenzi huko Changamwe, na mmoja wao kumwekea bastola chini ya taya, Kanze hakuweza tena kustahimili kishindo. Gurudumu la lori likipasuka barabarani, alijikuta amelala nyuma ya mifuko ya saruji, wateja wakimkodolea macho.

Wifi yake, Judy, alikuwa na leseni ya bastola na alipenda mashindano ya kulenga shabaha. Ndiye aliyemshawishi.

"Sikwambii ununue bunduki, wifi. Kuna mafunzo ya kina mama wasiowahi kushika silaha. Njoo ukijue hicho kitu kinachokutisha."

"Nakijua. Kilinigusa hapa," Kanze alijibu, akishika taya.

Hata hivyo, Jumamosi alikwenda pamoja na Judy. Kiwanja kilikuwa katika machimbo ya mawe yaliyoachwa, mbele ya Miritini. Mwalimu wao, Pascalia, alikuwa askari mstaafu.

"Shikamoo, afande," kina mama walimwamkia.

"Marahaba. Hapa hakuna bastola tupu. Hata ukiniapia haina risasi, mimi najua inayo. Mdomo wake unaangalia lile tuta la mchanga. Kidole kinanyooka pembeni, hakiingii kwenye kifyatulio mpaka uwe tayari kupiga."

Kanze aliyasikia maneno hayo huku akikinyoosha kidole chake pembeni. Kando yake Fancy, mwalimu wa chekechea aliyehamia Shanzu kutoka bara, alikuwa akichekacheka ovyo. Kanze akatambua kwamba naye ameshikwa na hofu.

Fancy akaitwa wa kwanza. Wengine walisimama nyuma yake, wote wamevaa viziba masikio. Risasi ya kwanza ilipolia, Kanze alifumba macho. Ya pili haikutoka. Pascalia alikuwa amegeuka kumsaidia mama mmoja kufunga mkanda wa miwani ya kinga.

"Afande, imekwama!" Fancy alipaza sauti, akageuka mwili mzima na bastola mkononi.

Mdomo wa bastola ukasimama sawasawa na tumbo la Kanze. Kidole cha Fancy kilikuwa kwenye kifyatulio.

Kanze alihisi maji ya moto yakimteremka mapajani.

"Toa kidole," alisema, lakini sauti ilitoka nyembamba, na Fancy masikio yalikuwa yamezibwa. Fancy akapiga hatua moja kumsogelea. "Nini?"

Ndipo Kanze akainua mkono wake mwenyewe, polepole, kidole cha shahada kimenyooka. Akakitikisa. Fancy akakitazama kile kidole, kisha akatazama mkono wake. Uso ukamsawijika. Akakitoa.

Pascalia alikwishafika ubavuni pake. Alimkamata kifundo cha mkono, akaelekeza bastola mchangani, akaifungua. Risasi nzima ikachomoka na kuanguka kwenye changarawe.

"Kosa ni langu," Pascalia alisema, naye akihema. "Sikupaswa kugeuka. Kuanzia sasa nitasimama begani kwa kila mmoja. Anayetaka kwenda nyumbani, aende."

Wawili wakaondoka. Judy, machozi yakimtoka, alimfunga Kanze leso kiunoni kuficha unyevu. "Twende zetu, wifi. Nisamehe."

Kanze alitamani sana kwenda. Lakini alijua akiondoka wakati ule, atarudi dukani na bastola mbili kichwani, si moja.

"Nisimamie karibu, afande," alisema.

Aliichukua bastola, akaielekeza kwenye shabaha. Alipiga. Risasi ikachimba mchanga chini kabisa. Ya pili vilevile. Ya tatu ikararua pembe ya karatasi ya shabaha.

"Bado naogopa," alisema.

"Nani kakwambia utaacha leo? Iweke mezani taratibu," Pascalia alisema.

Fancy alikuwa amekaa juu ya jiwe, mikono imebanwa magotini. "Nilikaribia kukuua, dada."

"Ulikaribia," Kanze alisema, akaketi kando yake.

Pascalia akaita tena jina la Fancy. Fancy akatikisa kichwa. Kanze akamshika mkono, akamwinua, wakaenda pamoja hadi mstarini. Fancy alipiga zote mchangani, akaiweka bastola mezani, akaangua kilio. Kanze alibaki palepale begani pake mpaka alipotulia.