Upande Usiosikia

Mdogo alikuwa amefika kwenye jiwe laini, la mwisho katika kunoa. Kutu alishaimaliza jana, na mapengo mawili ya kwenye makali alikuwa ameyasaga mpaka yakapotea. Sasa aliuvuta wembe wa kaka yake juu ya jiwe lenye maji, akaugeuza kwa mgongo, akaurudisha. Hakuwa akifikiria lolote. Tangu kaka apigwe na kiharusi, siku zilikuwa zikimpita kama wapita njia wasiomjua.

"Unanoa wembe au unatafuta dhahabu?" kaka aliuliza kutoka kwenye kiti cha kunyolea. Maneno yalimtoka upande mmoja wa mdomo; ule wa kushoto ulikuwa umelala.

"Subira, kaka."

Miaka yote kazi yao iligawanyika hivyo: mdogo ananoa, mkubwa ananyoa. Mdogo hakuwahi kugusa shavu la mteja. Alinoa, akamkabidhi kaka, akangoja hukumu, nayo ilikuwa neno moja juu ya wembe: "Unavuta," ukiwa bado unakwama kwenye ngozi, au "Umekubali." Leo mkono wa kaka haukuweza hata kijiko, na kuna mtu angekuja keshokutwa kukinunua kiti. "Ukininyoa mimi ukanimaliza vizuri," kaka alikuwa amesema, "kiti kinabaki na duka linabaki. Ukishindwa, tusidanganyane."

Aliupitisha wembe kwenye ukanda wa ngozi, akakoroga povu, akampaka.

"Kinyozi hajinyoi," kaka alisema. "Haya, anza kushoto. Huko hata ukinichuna kama mbuzi sitakupigia kelele."

Akaanza kushoto. Aliivuta ngozi kwa kidole gumba kama alivyozoea kumwona kaka akifanya, akaulaza wembe. Ndevu zilitoka. Uso haukukunjamana wala haukujikaza. Ulikaa tu, kama ukuta unaopakwa chokaa. Akajikuta anangoja lile neno. Halikuja.

Chini ya taya wembe ukasita, kidogo tu, kama uzi ulionasa kwenye msumari. Povu likaingia wekundu.

"Vipi huko?" kaka aliuliza. Hakuwa amesikia kitu.

Angeweza kupangusa akaendelea. Mlangoni shemeji, mke wa kaka, birika la maji ya moto mkononi, alikuwa ameona.

"Unavuta," mdogo alisema.

Kaka akamtafuta kwenye kioo kwa jicho lake zima.

"Wapi?"

"Karibu na mpini, palipokuwa na pengo. Sijapasaga sawasawa. Nimekukata."

"Basi upande wangu unaosikia usiuguse kwa wembe huo."

"Rudi kwenye jiwe," shemeji alisema, akimpa kitambaa. "Kwa hiyo leo nilale na nusu ya mume?"

"Nusu si unayo tangu nianguke?" kaka akasema. "Leo nimekuongezea mstari katikati."

Shemeji alicheka kupitia puani. Mdogo alikibana kitambaa juu ya jeraha mpaka damu ikakata. Alingoja ajisikie vibaya, au vizuri. Kilichokuja ni ubaridi wa maji kwenye vidole vyake.

Mwanga wa dirishani ulikuwa umepungua, na makali hayanolewi kwa kubahatisha. Aliukausha wembe, akaupaka mafuta, akaufunga. Jiwe akalitumbukiza kwenye ndoo lilale majini.

"Asubuhi, kaka."

"Asubuhi," kaka alijibu, povu likimkaukia kwenye shavu la kulia.